Jogoo wa Walimu

Mbele ya duka langu la steshenari hapa Nachingwea kuna ubao wa matangazo. Niliutengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, nikaupaka rangi ya kijani, nikaugawa katikati kwa mstari mweupe. Upande wa kushoto ni habari za jamii: nani amehitimu, nani amefiwa, mnada wa mbaazi utafanyika ghala lipi, kikao cha wazazi kimeahirishwa hadi lini. Upande wa kulia ni fursa: kazi, ufadhili wa masomo, makongamano, mafunzo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijawasha mashine ya kopi, nabandua yaliyopitwa na wakati na kubandika mapya. Kisha naupiga picha ubao mzima na kuituma kwenye kundi letu la simu. Waliomo ni wahitimu wa Nachingwea na Ruangwa. Wengi hawana kazi, na wachache wanasoma masta kwa masafa huku wanafundisha.

Mimi si mhitimu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma kwenye karatasi za watu. Mtu akileta tasnifu yake nimtolee kopi, naisoma wakati mashine inafanya kazi, na nikiona neno nisilolijua nalitafuta kwenye kamusi baada ya yeye kuondoka. Ndivyo nilivyojua dhana ni nini na rejea huandikwaje. Ndivyo pia nilivyozoea kusoma masharti ya tangazo mstari kwa mstari, mpaka ule wa chini kabisa ulioandikwa kwa herufi ndogo.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi redio, na kazi ile sikuiomba mwenyewe. Nilipomaliza shule mama yangu alinishika mkono, akachukua jogoo, tukaenda kwa fundi aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Nakumbuka alivyonitambulisha. Alisema: “Nimekuletea huyu. Hana akili. Mzito kuamka, mbishi, mkono wake unavunja kila unachokishika. Mfundishe. Nyama yako, mifupa yangu.” Fundi akanitazama, akaguna, akampokea jogoo. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikuona aibu hata kidogo, kwa sababu kila mtoto wa kwetu alipelekwa hivyo, iwe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa fundi cherehani au kwa seremala. Mzazi anayemsifia mwanawe mbele ya fundi huulizwa: sasa kama anajua, umemleta afanye nini? Tena sifa za mzazi hazimletei mtoto heri; huita jicho la husuda. Kwa hiyo mama alinishusha mpaka chini ili fundi apate pa kuninyanyulia. Njia nzima ya kurudi nyumbani, nasikia, alikuwa akilia.

Nimelieleza hili mapema kwa sababu bila hilo yaliyotokea kijijini Chunyu hayaeleweki.

Tangazo lenyewe lilinifikia mwanzoni mwa msimu wa korosho. Chuo kimoja kilikuwa kinaanzisha masta ya fikra bunifu, kwa ajili ya wahitimu wanaoishi na kufanya kazi vijijini. Ufadhili ulikuwa kamili. Mwanafunzi angebaki kwenye kituo chake, angekwenda chuoni wakati wa likizo tu, na shule anayofundisha ingepewa fungu la kumweka. Nililibandika upande wa kulia, juu kabisa.

Wa kwanza kulisoma alikuwa mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba. Yeye anasoma masta ya utawala wa elimu, na kila Jumatatu hupita kwangu kutoa kopi na kuchokoza watu.

“Fikra bunifu!” alisema kwa sauti. “Mzee wa ubao, kwani kuna masta ya fikra zisizo bunifu?”

“Ipo,” sauti ya kike ilijibu nyuma yake. “Si ndiyo unayosoma wewe, mwalimu?”

Waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Mwalimu alijishika kifua kama mtu aliyepigwa mshale. “Nimekubali, binti. Leo nazikwa Nachingwea, kwetu pelekeni salamu.”

Aliyemjibu ni binti ambaye huniita mjomba. Undugu wetu ni wa ukoo wa mbali upande wa mama, lakini kwetu mjomba ni mjomba, hata kama njia ya kufikia ujomba wenyewe inapita kwenye makaburi mengi. Alihitimu shahada ya ualimu, akaomba ajira kila dirisha lilipofunguliwa, hakupata. Sasa anajitolea kwenye shule moja ya sekondari upande wa Mnero. Wazazi ndio humchangia chakula na chumba. Mwaka huo kamati ya shule ilikuwa imeshamwambia, kwa upole na kwa majuto, kwamba mavuno yamekuwa mabaya na mwakani hawataweza tena. Kwa hiyo tangazo lile lilikuwa na uzito kwake kuliko kwa wengine. Akipata, atabaki darasani. Akikosa, atarudi Chunyu kwa mama yake kupalilia mihogo, na kile alichokianzisha na wanafunzi wake kitaishia hapo.

Nilikiona kitu hicho kwa macho yangu. Siku moja nilipeleka shuleni kwake mitihani ya majaribio niliyokuwa nimeichapa, nikakuta kipindi hakijaisha. Nikasimama dirishani na bahasha yangu.

“Kitendawili!” alisema.

“Tega!”

“Nyumba yangu haina mlango.”

“Yai!” darasa zima likaitikia.

“Yai ni jibu la babu zenu. Babu zenu wamelila, limekwisha. La kwenu lipi?”

Kijana wa nyuma akanyanyua mkono. “Korosho.”

“Itetee.”

“Ina ganda pande zote, mwalimu. Ukitaka kuingia mpaka uichome moto.”

“Kaburi!” akadakia msichana wa mbele.

“Aa, kaburi lina mlango,” mwingine akapinga. “Ila ni wa kuingilia tu.”

Wakacheka, na yeye akacheka nao, lakini hakuwaachia. Aliyesema kaburi alitakiwa kujibu hoja ya mlango wa kuingilia, na akaijibu. Katika vitendawili tulivyokulia sisi, anayeshindwa hutoa mji, mtegaji anauchukua na kutamba nao, kisha anataja jibu, mchezo umekwisha. Darasani kwake mji haukutolewa mpaka kila jibu litetewe na kupingwa. Walimu wengine waliniambia kwamba watoto wale walikuwa wameanza kuuliza maswali hata kwenye hesabu, na si wote waliolifurahia jambo hilo.

Nilimuuliza alikoyatoa. Alisema kwa mama yake. Jioni wakipukuchua mahindi, mama alikuwa anatega vitendawili kwa Kimwera, na mtoto akitoa jibu linalojulikana mama anamkatalia: “Hilo la wenzako. Toa la kwako.” Mama mwenyewe hakusoma. Alichofanya binti ni kuyavusha mambo yale kutoka uani kwao kuyaingiza darasani.

Tulijaza maombi pamoja dukani kwangu, mchana, kwa siku kadhaa. Maelezo yake juu ya vitendawili niliyasoma mara nyingi, nikamrekebishia alama za uandishi tu. Mengine hayakuhitaji mkono wangu. Mwishoni tukafika kwenye sharti moja: kila mwombaji ataje mtu mmoja wa jamii yake, anayemfahamu vizuri, ambaye jopo la chuo litampigia simu na kumhoji. Mtu huyo asiwe aliyemsaidia mwombaji kujaza maombi. Asiandaliwe majibu. Na wakati wa mahojiano sauti ya mwombaji isisikike, ikisikika maombi yatafutwa.

Hilo la kusaidia liliniondoa mimi. Mwalimu wa Bukoba, aliyekuwa ameegemea kaunta akisubiri kopi zake, akajitokeza.

“Niweke mimi, binti. Wakinipigia nitawaambia huyu ni kichwa. Nitampa alama zote, na moja ya njiani.”

“Mwalimu, wewe unanifahamu tangu lini?”

“Tangu uliponizika Jumatatu ile.”

Binti alicheka, lakini kwenye nafasi ile akaandika namba ya mama yake. Nilimuuliza kama amefikiri vizuri. Akaniambia, “Mjomba, wanataka mtu wa jamii anayejua hiki kitu kimetoka wapi. Kimetoka kwa mama. Nimuweke nani mwingine?” Sikuona kosa katika hoja hiyo. Hata leo nikiipitia sioni.

Maombi yake yalipita hatua ya kwanza. Ujumbe ulikuja kwamba mtu wa jamii atapigiwa simu Jumamosi, asubuhi. Mama yake ana simu ndogo ya kitochi ambayo betri yake ilikuwa imevimba, kwa hiyo nilinunua betri nyingine, na Jumamosi hiyo nikampakia binti kwenye pikipiki yangu tukaenda Chunyu kuhakikisha simu inawaka. Tulikubaliana njiani: tutaweka betri, tutakaa mbali, hatutasema neno.

Kwenye ile nyumba mtandao unapatikana sehemu moja tu, kwenye nguzo ya jiko la nje, kimo cha kichwa cha mtu. Mama amepigilia msumari pale na hutundika simu kwa kamba. Akipigiwa, anaweka sauti ya nje na kusimama mbele ya nguzo, mikono nyuma, kama anayeongea na mtu mzima mwenzake. Sisi tulikaa kwenye mkeka upande wa pili wa ua. Binti alikuwa amejifunga khanga mpya. Mama alikuwa ameoga na kuvaa ushungi, akawa anazungukazunguka akifukuza kuku ambao hawakuwa wamemkosea lolote.

Simu ikalia.

“Shikamoo mama,” ilisema sauti ya mwanamke, laini, ya mjini.

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Mama, nakupigia kutoka chuoni kuhusu mwombaji wetu. Wewe unamfahamu vipi?”

“Nimemzaa.”

Yule mwanamke akacheka kidogo, kwa heshima. “Basi unamfahamu. Mama, tunataka utueleze, yeye ni mtu wa namna gani katika kufikiri? Anabuni mambo mapya?”

Nilimwona mama akinyoosha mgongo. Kisha nikasikia, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, sauti ile ile ya mama yangu mbele ya kibanda cha fundi.

“Huyo? Hajui kitu huyo, mwanangu. Bado. Kichwa kigumu. Ukimwambia hivi, yeye anataka vile. Toka mdogo mbishi. Hata ugali ulikuwa unamshinda.”

Binti alikamata upindo wa khanga na kuuingiza mdomoni.

“Kwa hiyo, mama... unasema hana uwezo?”

“Uwezo autoe wapi? Ndiyo maana nawapa nyinyi. Mimi sikusoma. Nyinyi ndio mnajua. Nyama yenu, mifupa yangu.”

Nadhani yule dada alielewa. Sina ushahidi, ila namna alivyoendelea kuuliza ilikuwa ya mtu anayejaribu kumfungulia mwenzake mlango kwa ndani.

“Mama, nimekuelewa. Labda tuseme hivi: vile vitendawili anavyofundisha, ni kweli alivitoa kwako?”

“Vitendawili ni vya watu wote. Mimi nani?”

“Na anavifundisha vizuri?”

“Hao watoto ndio wazuri. Wanamvumilia.”

“Haya, mama. Swali la mwisho. Hapa nina kipimo, kuanzia moja mpaka tano. Moja ni chini kabisa, tano ni juu kabisa. Katika kufikiri kwake, wewe mama unampa ngapi?”

“Moja,” alisema mama, bila kusita.

Binti akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu bila kujua, nikasimama hivyo, magoti yamekunjwa, kama mtu anayechuchumaa hewani. Kutoka pale hadi kwenye nguzo ilikuwa hatua za kuhesabika. Nilimtazama binti. Alitikisa kichwa: hapana. Mimi ndiye niliyemsomea yale masharti kwa sauti.

“Mama,” yule dada akasema polepole, “hakuna namba nyingine ungependa kumpa? Ukitaja mbili, tatu, nne, zote zipo.”

“Nimuongeze ili iweje? Si ndiyo kwanza anaanza? Nikimpa tano leo, nyinyi mtamfundisha nini?”

“Ni kweli, mama. Lakini mimi inabidi niandike namba unayonitajia.”

“Andika mwanangu. Andika moja. Zingine mtamjazia wenyewe.”

“Haya, mama. Asante sana. Ubaki salama.”

“Haya. Mumkanye. Akileta ubishi mumkanye.”

Simu ikakatika. Mama aliitoa kwenye msumari, akaifuta kwa khanga, akatugeukia. Sijamwona mtu mzima akiwa na furaha ya namna ile kwa muda mrefu. Uso wote ulikuwa umelegea.

“Wana adabu hao watu,” alisema. “Yule dada ana adabu. Mmesikia anavyouliza kwa kurudia rudia, anataka aniachie niseme? Nimesema vizuri?”

Binti alitoa khanga mdomoni. “Umesema vizuri, mama.”

“Kaka?” Aliniangalia mimi. Kama mjomba, neno langu lilikuwa na uzito katika jambo la kumkabidhi mtoto.

“Umesema kama anavyosema mzazi,” nilimjibu. Sikuwa na sentensi nyingine ya kweli.

Alitupikia ugali na kisamvu. Wakati tunakula alisema kwamba siku mtoto akipokelewa asisahauliwe kuambiwa mapema, maana ana jogoo wake mwekundu amemtenga kwa ajili ya walimu. Binti alikula tonge kwa tonge mpaka sahani ikaisha. Nilielewa kwamba kuacha chakula siku ile kungekuwa ni kusema jambo.

Tulipofika dukani alishuka, akakunja khanga yake vizuri, akasema, “Mjomba, usiwaandikie.”

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani tangu Chunyu. “Kwa nini?”

“Utawaambia nini? Kwamba mama alikuwa hasemi kweli, au kwamba mama hajui kusema?”

“Kuna namna ya tatu ya kueleza.”

“Basi itafute. Ukiipata niambie.”

Niliitafuta. Mimi ni mtu wa utaratibu, na niliamini kwamba jambo lolote la kweli lina sentensi yake, kazi ni kuipata. Niliandika kwamba kwa mila za kwetu mzazi humshusha mtoto anapomkabidhi kwa mwalimu. Nikaisoma kama atakavyoisoma mtu wa jopo, nikaona inasema: alama aliyotoa mama msiihesabu. Nikaandika kwamba moja ya mama huyu ni sawa na tano ya mtu mwingine. Hiyo ilisomeka kama ombi la upendeleo. Nikaandika kwamba ubishi aliousema mama ndio huo ubunifu wanaoutafuta. Hiyo ilikuwa kweli tupu, lakini ilimfanya mama aonekane hajui alichokiona kwa mwanawe, na alikijua kuliko sisi sote. Kisha nikarudi kwenye masharti. Mstari wa chini, kwa herufi ndogo, ulisema jopo halitapokea maelezo ya nyongeza kutoka kwa mtu yeyote baada ya mahojiano. Nilikuwa nimeusoma tangu mwanzo. Niliendelea kuandika hata hivyo, siku mbili tatu, wateja wakinisubiri.

Mwalimu wa Bukoba alipopata habari hakuchokoza mtu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akazungusha kofia yake mkononi. “Kwetu pia wako hivyo,” alisema hatimaye. “Mama yangu mpaka leo akiulizwa na wageni anasema mimi nachunga mbuzi. Nilidhani ni yeye tu.”

Majibu yalikuja kwa njia mbili. Kwa binti ulikuja ujumbe mfupi wa kumshukuru na kumtakia heri. Kwangu ilikuja orodha ya waliochaguliwa, pamoja na ombi kwamba ibandikwe mahali ambapo jamii itaiona. Ilikuwa Jumatatu. Nilibandua tangazo la mwanzo, nikabandika orodha mahali pake, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi. Kwenye orodha kulikuwa na kijana mmoja wa Nanganga. Wahitimu wakampongeza, na binti naye akampongeza, tena kati ya wa kwanza. Nilifikiri kutoibandika. Lakini ubao ule ni wa watu wote, na kijana wa Nanganga hakuwa na kosa.

Mama hakuambiwa. Binti alikwenda Chunyu akiwa amekusudia kumwambia, akarudi hajamwambia. Kila alipoanza, alisema, mama alikuwa akiuliza walimu wenyewe wanapenda kuku wa kuchoma au wa mchuzi. Alimwambia tu kwamba bado wanafikiri. Mama akamjibu: “Waache wafikiri. Wasomi hawana haraka.”

Muhula ukaisha. Kamati ya shule ikamuaga binti kwa chai na hotuba. Wanafunzi wake, nasikia, walimtegea kitendawili, na alipowapa mji wakaukataa, akakaa mpaka akatetea jibu lake kama alivyowafundisha. Siku iliyofuata akashuka Nachingwea na begi lake, alale kwa rafiki yake kabla ya kuendelea Chunyu.

Asubuhi yake, nimetoka tu kufungua duka, nikamwona mama yake anashuka kwenye bodaboda mbele ya ubao. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

“Kaka, hodi.”

“Karibu, dada. Za Chunyu?”

“Nzuri. Nimeona siku zinakwenda, nikasema labda hao walimu wanasubiri mzazi aonekane. Mtoto hakabidhiwi kwa simu. Simu ni maneno tu.” Akaweka jogoo kwenye kaunta. “Wewe ndiye unajua wanakopatikana. Wapelekee. Waambie mama yake amekuja mwenyewe.”

Nilimtazama jogoo. Alikuwa mnene, mkia mzuri, ameoshwa miguu. Nyuma ya mama, kwenye ubao, orodha ilikuwa bado haijafikisha wiki zake za kubanduliwa, karibu na bega lake. Hasomi. Angeweza kusimama pale mpaka jioni.

Nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo nikasema, “Nitamfikisha kwa anayehusika.” Huo ndio usahihi wote niliouweza. Alishukuru, akaniuliza hali ya watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja, akaondoka kwenda sokoni kutafuta chumvi na mafuta ya taa.

Jogoo nilimfunga kwenye mguu wa meza ya mashine ya kopi. Mwalimu wa Bukoba alipoingia alimwona, akafurahi kama kawaida yake. “Ala! Mzee, jogoo la shamba...” akaanza, kisha akaona uso wangu, akaimeza methali nusu. Nilimweleza. Alivuta kiti akakaa, na hakutoa kopi yoyote siku ile.

Binti alifika kabla ya adhuhuri. Alisimama mlangoni, akamtambua jogoo, maana ni yeye aliyemlea tangu kifaranga.

“Mama yuko wapi?”

“Sokoni. Atapita hapa akirudi.”

“Umemwambia?”

“Hapana.”

Alikaa kwenye benchi. Alichukua punje za mahindi nilizokuwa nimeweka kwenye kifuniko akamtupia jogoo moja moja. Baadaye akanyanyuka akaenda nje kwenye ubao, akasimama upande wa kulia. Wiki ile nilikuwa nimebandika tangazo jingine, la chuo kingine, dogo kuliko lile: mafunzo ya walimu juu ya njia bunifu za kufundishia, bila fungu la shule, ufadhili wa nusu. Alilibandua, akaja nalo mezani.

“Tujaze hili, mjomba.”

Tulijaza. Kompyuta yangu ni ya zamani na mtandao ulikuwa unasuasua, kwa hiyo kila ukurasa tuliungoja. Tulifika mahali wanapotaka jina na namba ya mtu wa jamii. Mwalimu wa Bukoba akakohoa. Hakufanya mzaha. Alisema tu, “Binti, mimi nipo. Safari hii tumefahamiana.”

“Nakushukuru, mwalimu.”

Akaandika namba ya mama yake.

Niliitazama ile namba kwenye kioo. “Wakimpigia atasema nini?” nilimuuliza.

“Atasema moja.”

“Unaweza kuzungumza naye kabla. Hapa masharti hayajakataza. Nimeyasoma.”

“Nizungumze naye niseme nini? Mama, nisifie?” Aliniangalia. “Mtu wa jamii anayenifahamu ni huyo, mjomba. Nikimwondoa yeye, hicho ninachokwenda kusomea ni kipi?”

Alibonyeza kutuma. Kile kiduara cha kungojea kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Sote watatu tukakitazama. Nje nilisikia sauti ya mama yake akisalimiana na muuza maandazi wa jirani, akiulizwa habari za mtoto, naye akijibu kwa sauti ya kila mtu kusikia: “Huyo? Yupo tu. Hajui kitu.”

Binti akainama akamfungua jogoo kamba, akambeba kifuani, akatoka kumpokea mama yake. Kiduara kilikuwa bado kinazunguka.